Penye Miti Hapana Wajenzi

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa jiografia kwa wanachuo wa ualimu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha

Mkuu wa Chuo, wakufunzi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaoondoka Jumatatu kwenda mazoezini: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme neno juu ya mada ya makazi ya watu. Nimeifundisha kwa miaka 34, mkoani Pwani, Dodoma, na mwisho nyumbani Kilimanjaro, na kila mwaka iliniuma namna tulivyoipitia haraka. Mwanafunzi anakariri orodha: maji, udongo, mvua, mwinuko, magonjwa, barabara. Anaiandika kwenye mtihani, anapewa alama zake, anaiacha pale pale kwenye karatasi. Kisha anarudi kijijini kwao, anayakanyaga majibu yote yale kwa miguu yake, wala hayaoni.

Mnaijua methali ya penye miti hapana wajenzi. Huwa tunaitumia kumsikitikia mtu aliyekaa juu ya neema asiyoitumia. Mimi nimeishi nayo kwa maana nyingine. Najiuliza: kwa nini wajenzi hawakwenda penye miti? Miti waliiona. Walipita hapo wakiwinda na wakirina asali. Kama walipita karne nzima bila kusimamisha nyumba hata moja, walikuwa na sababu, na mwalimu wa jiografia kazi yake ni kuitafuta sababu hiyo. Nitakayosema leo yote yanatoka kwenye swali hilo moja.

Tazameni kwanza ramani. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Tukigawanywa sawasawa juu ya nchi kavu, kila kilomita ya mraba ingepata watu kama 70. Lakini Dar es Salaam ina zaidi ya watu 3,000 kwa kilomita ya mraba, na Lindi ina 18. Chukueni penseli mpake rangi palipo na watu wengi. Mtapaka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Usambara, Uluguru, Rungwe, Kagera, mzunguko wa Ziwa Victoria, kisha pwani na visiwa. Rangi yote imekwenda pembeni. Katikati na magharibi kuna mapana ya nchi ambayo penseli haigusi. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeizunguka Tanganyika kwa miaka mingi, alitoa ramani ya namna hiyo mwaka 1936. Tangu wakati wake watu wameongezeka zaidi ya mara kumi, lakini umbo la ramani ni lile lile kwa sehemu kubwa. Gillman aliona kwamba watu wako palipo na maji ya kutegemewa. Nje yetu mfano mkubwa kuliko yote ni Misri, ambako karibu watu 95 katika kila 100 wamebanana kwenye bonde la mto Nile na delta yake, sehemu kama 5 tu katika 100 za nchi yao.

Kilimanjaro nitaipita upesi kwa kuwa wengi wenu mnatoka huko. Upepo wa kusi unakuja na unyevu wa bahari, unaupiga mlima upande wa kusini na kusini-mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Basi katikati, kwenye mita 1,000 hadi 1,800 hivi, pakawa na mvua ya kutosha mgomba, ubaridi usiomfaa mbu wa malaria, na vijito vya kuchepusha kwa mifongo, yaani mifereji ya Wachaga. Hapo ndipo vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilipobanana hadi mtu asiyekuwa mwenyeji haoni mpaka wa jirani na jirani. Nendeni upande wa kaskazini wa mlima huo huo, ambako mawingu yanafika yakiwa yamekwishajimwaga, mkahesabu nyumba.

Mimi ni wa Upare, na huko ndiko nataka kukaa kidogo.

Ukishuka kwenye basi Makanya unashukia vumbi, mkonge na magari ya jasi. Mvua ya mwaka mzima pale tambarare ni kama milimita 500, nayo inakuja imegawanyika vipande viwili, vuli na masika, na kila kipande kina hiari ya kutokuja. Ukiinua macho, juu Vudee kuna ukungu. Kati ya ukungu na vumbi kuna mteremko ambao kwa hesabu ya mvua peke yake haulishi mtu. Babu zetu walikaa kwenye mteremko huo. Walikaa kwa sababu ya ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo, linalochimbwa kando ya kijito mahali penye mwinuko kuliko mashamba. Kijito chenyewe ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, maji yanakwisha kwenye mita chache za mwanzo, ardhi imeyanywa. Lakini usiku kucha kinatiririka na hakuna anayelima usiku. Wazee wakaona: tuyakusanye maji ya usiku, tuyafungulie asubuhi kwa pamoja yawe na nguvu ya kwenda mbali. Hiyo tu ndiyo siri ya ndiva, na kwa siri hiyo mteremko ukapata vijiji.

Zamu ya mama yangu ilikuwa Alhamisi. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, jembe begani, bado giza. Tundu la ndiva lilizibwa kwa mawe, majani ya mgomba na tope lililokanyagwa. Mzee msimamizi alichomeka kijiti ukingoni kupima maji yamefika wapi, akavua shati, akazamisha mkono ndani ya lile tope hadi kwapani akipapasa. Alikuwa anatafuta jiwe moja tu. Akilipata na kulivuta ilitoka sauti kama ya mtu anayekoroma, kisha maji mekundu yakaruka, na hapo sisi watoto tunaanza kukimbia. Tulikimbia ndani ya mfereji mkavu mbele ya maji, tukizoa majani na vijiti kwa mikono, maana kila mahali yaliposimama kidogo ardhi iliyanywa. Nayasikia mpaka leo yakinijia nyuma kwenye visigino. Ukifika kwenye jaruba la mama na maji yakakufuata, umeshinda. Saa nne asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu, na jioni tundu linazibwa tena kwa ajili ya mwenye zamu ya Ijumaa.

Aliyekosa siku ya kuzoa tope ndani ya ndiva alikosa zamu. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa sheria hiyo. Na familia iliyoweza ilikuwa na kishamba juu penye ukungu, kingine hapo kati, na kingine chini karibu na Makanya, ambako maji ya mafuriko ya vuli yalielekezwa shambani kabla hayajapotelea mchangani. Vuli ikifa chini, masika ya juu inawashika.

Nawaeleza haya kwa sababu orodha ya kitabuni inawafundisha watoto kwamba mazingira yanaamua na watu wanatii. Mteremko wa kwetu ulisema hapana. Watu wakaujibu kwa udongo, mawe na utaratibu wa zamu, nao ukakubali, ila kwa kadiri ya kile kijito. Hata leo idadi ya nyumba pale inaamuliwa na ujazo wa ndiva.

Sasa turudi penye miti.

Mbung'o, wengine wanamwita ndorobo, anapenda kivuli. Anapenda vichaka, miti ya kando ya mito, na wanyama wa porini anaowafyonza bila wao kuugua. Ng'ombe akiumwa naye anapata nagana, anakonda, anakufa. Mtu anapata malale. Kwenye mbuga iliyo wazi na jua kali mbung'o hana maisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miombo yetu, miti mizuri, mvua si mbaya, maji yapo, ilikosa watu wenye ng'ombe kwa sababu ya inzi huyu. Msafiri aliyepita akaona uzuri wa pori na kushangaa uvivu wa wenyeji, hakuwa na ng'ombe wa kufa.

Lakini mbung'o naye hakukaa mahali pamoja tangu kuumbwa kwa dunia. Sikilizeni hapa vizuri, maana sehemu hii ndiyo iliyonibadilisha mimi kama mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki ikitokea upande wa Pembe ya Afrika. Sehemu nyingi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Ndui ikafuata, njaa ikafuata. Waliobaki wakahama. Pale ambapo ng'ombe walikuwa wakila majani, watu wakikata kuni na kuchoma mashamba mapya, mkono wa kufanya hayo haukuwepo tena. Vichaka vikaota kwenye mashamba, juu ya makaa ya jikoni, ndani ya mazizi. Wanyama wa pori wakarudi upesi kuliko ng'ombe, na mbung'o akaja nao. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia kutoka ufukweni na kutoka visiwa vya Ssese.

Kwa hiyo mapori kadhaa tunayoyaona leo na kuyaita ya asili yaliwahi kuwa makazi ya watu. Kijiji chenyewe kilikuwa ndicho kinga. Moshi wa jikoni, ng'ombe, jembe na shoka vilimweka mbung'o mbali, na siku kijiji kilipokufa mahali pakawa hapakaliki. Kabla ya kulifahamu hili nilikuwa nikichora ubaoni mshale mmoja, kutoka mazingira kwenda kwa watu. Tangu siku hiyo nachora miwili.

Shinyanga waliujua mshale wa pili kwa vitendo. Katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton, mtafiti wa mbung'o, na watemi wa Kisukuma waliwaita watu kwa maelfu kukata vichaka. Watu wakarudi na ng'ombe wao. Kisha kukata hakukukoma, pamba ikaja, mifugo ikazidi, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalokuja. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi humo si miche ya kigeni. Ni ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kufunga eneo la malisho msimu wa mvua ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yamerudisha miti. Mkoa huo huo, katika maisha ya mtu mmoja aliyezeeka, miti iliondolewa ili watu waweze kukaa, na miti ikarudishwa ili watu waweze kuendelea kukaa.

Nilipokuwa Dodoma niliwapeleka wanafunzi Kongwa. Ilikuwa Julai. Nilimwambia kijana mmoja mwenye mikono ya kilimo hasa, chukua jembe uchimbe tuone udongo. Akainua, akapiga, jembe likarudi juu kama limepiga sakafu. Akapiga tena, mpini ukamtetemesha hadi mabegani. Wenzake wakacheka, kisha nao wakajaribu wakanyamaza. Nikawaambia: hapo mnaposimama, mwaka 1947, Waingereza walikuja kulima karanga.

Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulikaa Afrika Mashariki na Kati wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ukafanywa kwa ndege, na ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Kutoka angani Kongwa ilionekana kama zawadi: tambarare, kubwa, tupu. Yaliletwa matrekta, vikaletwa hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vikavunja mashine. Udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga ukala majembe ya chuma, na mvua ilipokoma jua likaukausha hadi karanga zilizokwisha kukomaa hazikuweza kung'olewa. Mvua ya 1949 ikashindwa. Januari 1951 mpango ulitangazwa kufa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha. Leo pale kuna ranchi. Wanalishwa ng'ombe.

Wagogo walikuwa wakilisha ng'ombe hapo tangu mwanzo. Walipanda mtama na uwele, mazao yasiyoikasirikia mvua ikichelewa, na waliwagawa ng'ombe wao kwa marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usimalize zizi lote. Historia yao wanaihesabu kwa njaa, na kila njaa ina jina. Ile iliyokuja mwishoni mwa Vita vya Kwanza wanaiita Mtunya. Mtu mwenye kalenda ya namna hiyo angeweza kumwambia mgeni kwa dakika kumi kwa nini uwanda ule una watu wachache. Wiki tisa zilikuwepo, na hizo dakika kumi hazikupatikana. Nikilikumbuka hilo roho inaniuma, maana sisi wenyewe baada ya Uhuru tuliwahamisha watu kwa mtindo uo huo. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilikuwa na nia ambayo mimi naiheshimu: shule, zahanati, maji ya bomba, jirani kumfikia jirani. Lakini mahali pengi kijiji kipya kilipangwa kwa kufuata barabara, na mtu akaamka yuko mbali na shamba lenye rutuba na mbali na kisima ambacho babu yake alikihamia kwa makusudi.

Niruhusuni niwapeleke Rufiji, halafu nitakuwa nimekaribia mwisho.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Rufiji, mimi msichana wa milimani nisiyejua kuogelea. Mwezi wa nne darasa langu likapungua nusu. Nikakasirika, nikaenda na mwalimu mwenzangu kuwatafuta watoro bondeni kwa mtumbwi. Tukawakuta wako juu ya madungu. Dungu ni kibanda cha makuti kilichosimama juu ya nguzo ndefu, katikati ya mpunga, na chini yake maji ya mto yanapita taratibu. Nilipanda ngazi nikitetemeka. Juu palikuwa na jiko limesakafiwa kwa udongo, mikeka, kuku ndani ya tenga, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo kama baiskeli mlangoni. Bibi wa watoto alinikaribisha wali na samaki. Nikamwuliza, bibi, mnaishije hapa na maji haya, hamwogopi? Akanijibu kwamba maji anayoyaogopa ni yale yanayokosa kuja.

Nilichukua mwaka mzima kumwelewa. Mpunga wanaupanda mvua zikianza, nao unakua pamoja na maji. Mto unapofurika mwezi wa tatu na wa nne, unaacha tope jipya juu ya shamba, mbolea isiyonunuliwa. Maji yakishuka, mwezi wa sita hivi, wanapanda mahindi kwenye ule unyevu uliobaki, kilimo cha mlau, na mahindi yanakomaa bila tone la mvua. Na samaki wanabaki kwenye mabwawa. Mavuno mawili na kitoweo, yote kwa sababu ya mafuriko. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya furiko kubwa, serikali iliwahamisha Warufiji kutoka bondeni kwenda kwenye ardhi ya juu upande wa kaskazini. Furiko la namna ile linaua, na serikali iliyoona watu wake juu ya mapaa isingeweza kukaa kimya. Ila ardhi ya juu ni mchanga. Watu wakawa na nyumba juu na tumbo bondeni, na kila msimu wakarudi kwenye madungu. Watoro wangu walikuwa watoto wa hesabu hiyo. Rejesta yangu haikuwa na safu yake.

Furiko la Aprili 2024 mnalikumbuka, Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba chini ya maji. Mto ule sasa una bwawa kubwa la umeme juu yake, mvua zenyewe zimebadilika tabia, na watu ni wengi kuliko wakati wa yule bibi. Sisemi watu warudi kwenye madungu waachwe huko. Nasema anayewapangia makazi aanze kwa kujua bonde linawapa nini, maana asipojua atawapa nyumba na kuwanyima chakula, na watarudi bondeni usiku.

Siku hizi tunakaa kwa kufuata mambo mengine. Tazameni Chalinze. Mji umeota kwenye njia panda, mahali pakavu. Kilichouita ni makutano ya barabara, na maji yamebidi yavutwe kutoka mto Wami. Dodoma imekuwa makao makuu katikati ya ukame, na maji yake kwa miaka mingi yametoka visimani Makutupora. Kuna kumbukumbu za kina cha maji ya visima vile za zaidi ya miaka 50, na zinaonyesha jambo la kutisha kidogo: mvua za kawaida karibu hazifiki chini. Hazina inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, na msimu wa El Nino wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko mwingine wowote. Mji mzima, wizara zote, umekuwa ukinywa mvua za miaka mbalimbali zilizopita. Mimi si mpinzani wa Dodoma, nimeishi pale na nimependwa pale. Nataka tu mtoto wa Dodoma akifungua bomba ajue maji yale ni ya lini.

Halafu kuna Dar es Salaam, bonde la Msimbazi. Desemba 2011 ilinyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru, watu wakafa, na waliookolewa wakapewa viwanja Mabwepande. Wengine walirudi. Nimesikia wasomi wakiwaita wakaidi na siwezi kukubali. Mama anayeuza chapati Kariakoo anaamka saa tisa usiku. Kutoka Jangwani anakwenda kwa miguu, kutoka Mabwepande anahitaji nauli kabla hajapata faida. Amepima hatari ya siku chache za mwaka dhidi ya njaa ya kila siku. Huyu naye anakaa kwa mujibu wa mazingira, ila mazingira yake ni soko. Hata hivyo maji hayamjui. Wala tope la mlima Hanang, lililoshuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, halikujua nani alijenga kwa kupenda na nani kwa kukosa pengine.

Na kule kwetu, ndiva bado ipo. Imesakafiwa kwa saruji, tundu lina lango la chuma, hakuna tena wa kuvua shati. Dada yangu ndiye aliyerithi zamu ya Alhamisi. Anasema sasa ipo miezi ambayo asubuhi inakuta ndiva haijafika nusu, kwa sababu msitu wa juu umepungua na wenye mashamba ya juu wamefunga mipira ya maji kwenye kijito. Wanaowahi kuyaona maji ni walioko juu. Vijana wa chini wameshuka barabarani Same na Makanya kuendesha bodaboda. Kwa hiyo mnapoona kibanda kipya kimejengwa kando ya lami, na mkaandika ubaoni "usafiri", kumbukeni kwamba huenda safari ya kibanda kile ilianzia kwenye kijito.

Sasa kazi. Mnakwenda shule za kata, nyingine mtazikuta mbali na kila kitu. Siku ya kwanza ya mada hii msifungue kitabu. Andikeni ubaoni swali moja: nyumba ya kwanza ya kijiji hiki ilijengwa wapi, na kwa nini pale? Waacheni watoto wakaulize kwa wazee wao, wikiendi nzima. Wakirudi, wachore wote ramani moja kubwa chini, uwanjani, kwa kijiti. Waweke kisima kisichokauka mwezi wa kumi. Waweke makaburi ya zamani, maana waliotangulia walizikwa karibu na walipoishi. Waweke mahali ambapo nyumba ziliwahi kuwepo zikahamishwa. Na mahali ambapo hapana nyumba hata moja ingawa ardhi inaonekana nzuri, waambieni waandike hivyo hivyo, "hapana nyumba", na wamtafute mzee anayejua.

Mkipata jibu ambalo halimo katika orodha yetu ya mambo sita, niandikieni. Namba yangu anayo Mkuu wa Chuo. Nimestaafu kazi, lakini daftari langu bado lina kurasa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.